Printa ya Ofisini Imejifuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumbukumbu na Kaunta

Simu nyingi ninazopokea kutoka maofisini huanza hivi: "Fundi, printa imejifuta." Ukiuliza imefuta nini, majibu hutofautiana. Mmoja kaunta yake, yaani hesabu ya kurasa, inasoma sifuri, mwingine amepoteza mipangilio ya mtandao, wa tatu haoni kazi zilizokuwa zikisubiri kuchapishwa. Haya ni matatizo mbalimbali na kila moja lina chanzo chake. Ukiwa na haraka, soma swali la 3 kabla hujagusa kitufe chochote.

## Misingi

1. Printa ina kumbukumbu za aina ngapi, na ipi hufutika umeme ukikatika?

Printa ya leza ni kompyuta ndogo, na ina memori ya muda na memori ya kudumu. Ya muda ndiyo RAM. Humo ndimo ukurasa unamoandaliwa kabla ya kuchorwa kwenye dramu, silinda inayobeba picha ya ukurasa. Umeme ukikatika hufutika yote, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Ya kudumu huitwa NVRAM, na mara nyingi ni EEPROM, kipande kidogo kilichochomelewa kwenye bodi. Humo hukaa anwani ya mtandao, lugha ya skrini, ukubwa wa karatasi, nywila ya msimamizi na kaunta. Hiyo haitakiwi kufutika hata printa ikikaa stoo mwaka mzima. Ikifutika, ujue kuna jambo.

Mashine kubwa huwa pia na diski ngumu au SSD. Tena katriji (kasha la wino) nyingi zina chipu yenye kumbukumbu yake yenyewe, ambayo husafiri na katriji kutoka printa moja hadi nyingine.

2. Kaunta ni moja au ni nyingi?

Ni nyingi, na ugomvi mwingi huzaliwa hapa. Ipo kaunta ya maisha ya mashine, ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuirudisha sifuri. Ipo ya tona (wino wa unga), ya dramu, na ya vifaa vya matengenezo kama rola na fyuza, yaani sehemu inayopasha joto ili wino ushike kwenye karatasi. Mashine za kukopi na kuskani huhesabu pia kurasa zilizoskaniwa, na zinaweza kuhesabu matumizi ya kila idara au kila mtumiaji. Nyingine huhesabu kurasa tangu printa ilipowashwa mara ya mwisho tu.

Kwa hiyo mtu akikuambia kaunta imerudi sifuri, muulize ni ipi. Ya tona ikirudi sifuri baada ya kubadilisha katriji, hakuna tatizo lolote. Ya maisha ikirudi sifuri, endelea na swali la 3.

3. Nimeikuta imerudi sifuri asubuhi. Nianze na nini?

Usianze na kurudisha mipangilio ya kiwandani. Huo ndio mkono wa kwanza wa watu wengi, na ndio unaofuta ushahidi.

Chapisha kwanza ukurasa wa mipangilio, ukurasa wa hali ya vifaa na orodha ya hitilafu. Kama printa haichapishi, piga picha skrini yake, au fungua anwani yake ya IP kwenye kivinjari uhifadhi kurasa hizo. Orodha ya hitilafu ina thamani kuliko watu wanavyodhani: katika printa nyingi, mathalani HP LaserJet za ofisini, kila hitilafu huandikwa pamoja na namba ya ukurasa ilipotokea. Kaunta ikisoma 40 na hitilafu ya mwisho ikawa imeandikwa kwenye ukurasa wa 118,000, umeshajua mashine ilikuwa wapi kabla ya kupoteza hesabu.

Kisha tafuta ankara ya mwisho ya malipo ya kurasa au daftari la kaunta, uandike tarehe, na uulize nani aliigusa jana. Niliwahi kutumia nusu siku kutafuta ubovu wa bodi katika ofisi moja, kumbe jioni iliyotangulia fundi mwingine alikuwa ameshabadilisha bodi bila kumwambia mtu wa TEHAMA. Swali hilo moja lingetosha.

4. Nilihifadhi kazi ndani ya printa niichapishe baadaye kwa namba ya siri. Nimezima na kuwasha, haipo.

Kama printa haina diski, kazi zilizohifadhiwa hukaa kwenye RAM na huondoka umeme unapoondoka. Si ubovu. Kama ina diski na bado kazi zimepotea, angalia kwenye mipangilio kama kuna muda wa kufuta kazi zenyewe, halafu angalia ukurasa wa mipangilio uone kama diski bado inatambuliwa. Diski isipoonekana kwenye ukurasa huo, imelegea au imekufa.

## Umeme

5. Kukatika kwa umeme kunaweza kufuta kaunta?

Kukatika peke yake, kwa kawaida hapana. Printa nzuri huandika kaunta kwa namna ambayo ukataji wa ghafla hugharimu kurasa chache tu, zile ambazo zilikuwa hazijahamishwa kutoka memori ya muda.

Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni pale umeme unapokatika wakati printa inaandika kwenye NVRAM au inasasisha programu yake ya ndani. Data hubaki nusu, na ikiwashwa tena printa huikagua, huiona ina kasoro, na huamua kuweka mipangilio ya awali. Ya pili ni umeme unaporudi. Hapo volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia, au jenereta hupokezana na gridi, na bodi hupigwa.

Mazoea moja ninayoyakuta sana, na ningependa yaishe: mlinzi au msafishaji anazima swichi kuu ya jengo kila jioni, printa ikiwa imewaka. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya mara 200 za kukatiwa umeme bila taarifa. Printa izimwe kwa kitufe chake, isubiriwe mpaka skrini izimike, ndipo swichi ya ukutani ifuate. Kwa zenye diski hili halina mjadala.

6. Basi niiweke kwenye UPS?

Kwenye UPS ndogo ya kompyuta, usiweke. Fyuza hupashwa joto kwa taa au hita inayovuta umeme mwingi kwa mpigo, mara kwa mara, na unaweza kuzidi kilowati moja. UPS ya VA 650 italia, itazima, na itaizimisha kompyuta pamoja nayo. Watengenezaji wa UPS wenyewe huonya kwamba printa ya leza isichomekwe kwenye matundu ya betri.

Printa ichomekwe ukutani kupitia stabilaiza yenye uwezo unaotosha, au kifaa cha ulinzi kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kuchelewesha kuurudisha kwa dakika kadhaa, cha aina ile watu wanayowekea friji. Hakikisha kinabeba mzigo wa printa kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ekstensheni moja yenye printa, birika la chai na feni ni chanzo cha matatizo ambayo hakuna bodi mpya itakayoyatibu.

7. Tarehe na saa hurudi nyuma kila printa ikizimwa, lakini kaunta iko sawa.

Saa hutunzwa na betri ndogo ya mviringo kwenye bodi au na kapasita. Betri ikichoka, saa hurudi mwanzo wakati NVRAM iko salama. Betri hubadilishwa, gharama ni ndogo. Wakati unasubiri, elekeza printa kwenye seva ya muda ya mtandao ili ijirekebishe kila ikiwashwa.

Usilidharau tatizo hili kwa kuwa kurasa zinatoka. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, vyeti vya usalama hukataliwa, na kuskani kwenda kwenye barua pepe kunagoma. Watu huhangaika na nywila za barua pepe wiki nzima, kumbe ni betri.

## Mipangilio kupotea na printa kujiwasha upya

8. Nitajuaje kama printa kweli imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani?

Dalili ninayoiamini zaidi ni karatasi. Mashine ambayo asili ya mipangilio yake ni ya soko la Marekani itaanza kudai Letter, yaani milimita 216 kwa 279, wakati trei zako zina A4 ya 210 kwa 297. Ofisi yote itasema printa imeharibika, kumbe inasubiri karatasi ambayo hakuna duka la steshenari mtaani linaiuza.

Dalili nyingine ni lugha ya skrini kubadilika, nywila ya msimamizi kutoulizwa, na anwani ya IP uliyoiweka kwa mkono kutoweka. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, printa imeshindwa kupata anwani kutoka kwa seva ikajipa yenyewe. Hapo kagua waya na swichi ya mtandao kwanza, maana hali hii hutokea hata mipangilio ikiwa mizima.

9. Printa inajizima na kujiwasha katikati ya kazi, halafu inarudia. Memori imekufa?

Mara nyingi memori ni nzima, na kosa liko kwenye faili. Kuna PDF yenye fonti mbovu, au draiva (programu ya kompyuta inayoiendesha printa) isiyolingana na printa, kazi inaingia, programu ya ndani inajikwaa, mashine inajiwasha, na seva inaituma kazi ileile tena. Kwenye HP hali hii huja na namba za hitilafu zinazoanza na 49 au 79.

Jaribio ni rahisi. Chomoa waya wa mtandao na wa USB, uwashe printa. Ikitulia kwenye hali ya kuwa tayari na ikachapisha ukurasa wake wa mipangilio, mashine ni nzima na mkosaji yuko kwenye foleni. Simamisha huduma ya uchapishaji kwenye Windows, futa yaliyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uiwashe tena, kisha rudisha waya. Tuma kazi moja moja mpaka uipate yenye kasoro.

Ikiendelea kujiwasha hata bila waya, toa memori ya nyongeza kama ipo na ujaribu tena. Namba za HP zinazoanza na 53 huelekeza kwenye kipande hicho cha memori. Kitoe printa ikiwa imechomolewa, gusa chuma cha mashine kwanza kutoa umemetuli mwilini, safisha miguu yake, kirudishe mpaka kibane.

10. Inasema memori haitoshi kwa faili la kurasa mbili tu. Kwa nini?

Idadi ya kurasa haimaanishi sana. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi ni nukta milioni 34.8, karibu MB 4.35 kwa nyeusi tupu. Ukipanda hadi 1,200 unafika MB 17 na ushee, na rangi huzidisha kwa nne. Kuna kubana data, lakini picha nzito na vivuli havibaniki vizuri. Punguza ubora hadi 600, au chapisha PDF kama picha kutoka kwenye kompyuta. Hili halihusiani kabisa na kaunta. Usikubali kuuziwa bodi kwa sababu yake.

11. Skrini imeandika namba ya hitilafu. Zipi zinahusu memori ya kudumu?

Kwenye HP LaserJet nyingi za ofisini ni familia ya 68: 68.0 ni NVRAM ya kwenye bodi, 68.1 ni diski au kadi inayochomolewa. Ujumbe unaosema mipangilio imebadilika baada ya hitilafu ya hifadhi una maana kwamba printa imejaza thamani za kiwandani mahali palipoharibika. Zima, washa, kagua mipangilio yote. Ikirudi mara ya pili, kipande kimechoka.

Kyocera hutumia C0150 kwa kushindwa kusoma au kuandika memori ya akiba ya injini (sehemu inayochapa karatasi), C0160 kwa data yake kuwa na kasoro, na C0170 kwa hesabu za kaunta kuharibika kwenye bodi kuu na ya injini. C0180 husema namba ya mashine iliyomo kwenye bodi kuu hailingani na ya bodi ya injini. Ukiiona hiyo, kuna bodi iliyotoka kwenye mashine nyingine. Tazama swali la 12.

## Kaunta baada ya matengenezo

12. Tumebadilisha bodi kuu, kaunta imekuwa sifuri au imeruka. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea, ila kuna aliyeruka hatua. Kaunta hukaa kwenye NVRAM ya bodi. Katika mashine nyingi kuna nakala kwenye bodi ya pili, ile inayoendesha injini, na mashine ikiwashwa hulinganisha hizo mbili. Bodi mpya kabisa huchukua hesabu kutoka kwa mwenzake. Bodi iliyotumika, iliyotolewa kwenye printa nyingine, huja na hesabu ya kule ilikotoka.

Kwa hiyo bodi kuu na bodi ya injini zisibadilishwe kwa pamoja. Badilisha moja, washa mashine, iache imalize kujiandaa, chapisha ukurasa wa mipangilio uone kaunta imehamia, ndipo uguse ya pili. Ukizibadilisha kwa pamoja hakuna nakala inayobaki, wala namba ya mashine. Kwenye Ricoh nyingi NVRAM ni kipande kinachochomoka, na fundi anatakiwa kukihamisha kutoka bodi ya zamani kwenda mpya. Mteja mwombe fundi akuonyeshe kipande hicho kabla ya bodi ya zamani kuondoka ofisini.

13. Nimeweka dramu au tona mpya, bado inasema imekwisha.

Tofautisha aina mbili za printa. Kwenye HP nyingi zinazochapa nyeusi tupu, tona na dramu vimo ndani ya katriji moja yenye chipu. Ukibadilisha katriji, hesabu hubadilika yenyewe. Isipobadilika, safisha vigusio vya chipu kwa kitambaa kikavu. Namba za hitilafu zinazoanza na 10 ni za mawasiliano na chipu hiyo.

Kwenye Brother, tona na dramu hutengana, na kwa modeli nyingi kaunta ya dramu huirudishi kwa kuweka dramu mpya. Lazima uiambie printa mwenyewe, kifuniko kikiwa wazi, kwa vitufe vilivyoelezwa kwenye kitabu chake. Kosa la kawaida ni kufanya hivyo baada ya kubadilisha tona tu. Printa itaamini dramu ni mpya, na siku ikichoka hutapata onyo, utaona tu mistari na ukungu kwenye karatasi.

14. Ujumbe wa kufanya matengenezo umetokea tena wakati fyuza ni mpya.

Kaunta ya matengenezo haikurudishwa. Kwenye LaserJet 4200 ujumbe huja kila kurasa 200,000. Kwenye 4250, 4350 na P4015 ni 225,000. Fundi aliyeweka vifaa anatakiwa kuirudisha kwenye menyu. Kwenye Kyocera kazi hii hufanyika ndani ya hali ya fundi, kipengele U251. Usichanganye na U021, ambacho hufuta mipangilio na kuacha kaunta na historia ya hitilafu.

Nasema hivi kwa uzito: usiirudishe kaunta hii bila kubadilisha vifaa ili tu ujumbe uondoke. Rola zilizoisha hukwamisha karatasi, karatasi iliyokwama huichosha fyuza, na gharama inayoahirishwa hurudi ikiwa kubwa.

15. Tumechapisha rimu 10, ankara inasema zaidi ya kurasa 5,000. Kaunta imechezewa?

Rimu 10 ni karatasi 5,000, lakini kaunta huhesabu nyuso zilizochapwa. Karatasi ya pande mbili ni 2. Katika mikataba mingi A3 nayo huhesabiwa mara mbili. Linganisha nyuso kwa nyuso kabla ya kumtuhumu mtu.

## Mambo ya nadra

16. Programu ya kusimamia printa inaonyesha kaunta imeshuka, lakini skrini ya printa iko sawa.

Hapa printa haina kosa. Chunguza mambo mawili.

Programu hizi husoma kaunta kwa SNMP, lugha ya kuulizia hali ya vifaa kupitia mtandao, kufuatana na kiwango cha Printer MIB kilichotolewa 1995 kama RFC 1759 na kurekebishwa 2004 kama RFC 3805. Humo zimo namba mbili zinazokaa jirani. Inayoishia 43.10.2.1.4 ni kaunta ya maisha. Inayoishia 43.10.2.1.5 ni kurasa tangu printa ilipowashwa. Aliyeweka programu akikosea tarakimu hiyo moja, kila umeme ukikatika "kaunta" itaanza upya. Nimelikuta kosa hili mahali ambapo ankara zilibishaniwa kwa miezi, na pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

La pili ni anwani. Printa zikipewa IP na DHCP, yaani huduma ya mtandao inayogawa anwani yenyewe, baada ya umeme kurudi zinaweza kubadilishana anwani, na programu inayofuata IP itasoma printa ya masijala ikidhani ni ya uhasibu. Funga anwani kwa kila printa, na uiweke programu itambue mashine kwa namba yake ya kiwandani.

Na kama kinachorudi sifuri ni muda ambao printa imekuwa ikiwaka, kumbuka namba hiyo hujaa baada ya siku 497 hivi na kuanza upya yenyewe.

17. Kuna mtu anaweza kuifuta printa kupitia mtandao?

Anaweza, kama hujaifunga. Kiwango kilekile cha SNMP kina kipengele cha kuiwasha printa upya au kuirudisha kiwandani, na printa nyingi hubaki na neno la siri la kiwandani. Weka nywila ya msimamizi, zima ruhusa ya kuandika kwa SNMP v1 na v2, na usiiache printa na anwani inayofikika kutoka intaneti.

Pia kuna hatari inayotoka ndani. Amri za PJL, lugha ambayo kompyuta huielekeza printa, za kuweka mipangilio zipo mbili: SET hubadilisha kwa kazi hiyo tu, DEFAULT huandika kwenye NVRAM. EEPROM ina kikomo cha kuandikwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kuituma amri ya DEFAULT mfululizo huweza kuharibu kabisa kipande hicho. Kama ofisi yenu ina mfumo wa stakabadhi uliotengenezwa na mwanaprogramu wa ndani, mwulize anatumia ipi. Mfumo unaotuma DEFAULT kwa kila stakabadhi unaila printa polepole.

18. Nataka kununua printa ya mtumba, kaunta inasoma 3,000. Niamini?

Usiiamini peke yake. Chapisha orodha ya hitilafu na ulinganishe kama nilivyoeleza kwenye swali la 3. Tazama kaunta ya skana, ya kila trei na ya pande mbili. Mashine yenye kurasa 3,000 za kuchapisha na 90,000 za kuskani inahitaji maelezo. Linganisha namba ya mashine kwenye kibandiko na ile ya ukurasa wa mipangilio. Kisha gusa rola za kuvutia karatasi: mpira wa kurasa 3,000 bado unashika kidole. Ukiwa laini na unang'aa, mashine imefanya kazi ndefu.

Sifuri si lazima iwe ulaghai. Muuzaji anaweza kuwa amebadilisha bodi kihalali. Atakuwa na la kukueleza.

19. Kaunta ya zamani inaweza kurudishwa?

Kwenye baadhi ya mashine, fundi aliyeidhinishwa huingiza hesabu na namba ya mashine kupitia menyu ya huduma baada ya kubadilisha bodi. Kwenye nyingine haiwezekani, na hapo karatasi ndiyo hubeba hesabu. Andikeni kumbukumbu ya ukurasa mmoja: namba ya mashine, tarehe, kaunta ya mwisho inayojulikana na ilikotolewa, kaunta ambayo bodi mpya imeanza nayo, sababu ya kubadilisha. Mwenye printa asaini, fundi asaini, nakala ibandikwe ndani ya kifuniko cha mbele ambako fundi ajaye ataiona kabla hajafungua skrubu.